Joka la Chiwata na Nywele Zangu

"Nakuuliza mara ya pili, fundi. Hizi nywele ni za nani?"

Yeremia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji aliyonitekea. Mimi nimekaa kwenye kiti chake, mfuko wa nailoni uko wazi mapajani mwangu, na ndani ya mfuko zimejaa nywele za binadamu. Nyeusi, za kahawia, za mvi, zimeshindiliwa kama pamba kwenye mto.

Sikumpekua. Mungu ananiona. Nilipanda bodaboda kutoka kwangu Lisekese mpaka kwake Chiwata kumletea shati la harusi alijaribu. Nikataka kulitundika kwenye msumari, koti lake la kazi likaanguka, na mfuko huo ukatoka.

"Za watu," akasema.

"Watu gani?"

"Watu wengi, Mama Rose."

"Na hizi?"

Nilivuta kifungu kimoja nikakiinua juu. Kilikuwa bado kimezungushiwa uzi wa zambarau. Mimi ni fundi cherehani. Uzi ule ulibaki niliposhona sare za kwaya, nikampa msusi wangu anisukie nao. Mwanamke mwingine aliyesukwa kwa uzi ule simjui.

Yeremia aliutazama ule uzi, akaweka kikombe chini.

"Hizo ni zako."

Angenidanganya ningemjua. Marehemu mume wangu kila akinidanganya nilimjua kwa masikio yake tu, yalikuwa yanacheza. Huyu hakudanganya, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Za nini, fundi?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi. Nipe wiki moja tu."

"Wiki moja ya kufanya nini na nywele zangu?"

Kabla hajajibu, huko nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho yake, kitu kikanguruma. Nilisimama. Kulikuwa na kibanda cha nyasi ambacho siku zote kimezungushiwa magunia na kufungwa kufuli. Nilipomuuliza zamani alisema ni cha kazi. Sasa kibanda kilinguruma, kikakohoa, kikanyamaza, na juu ya nyasi ukatoka moshi mweupe.

Yeremia akafumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Na hicho?" nikauliza.

"Hicho nacho siwezi."

"Fundi, tangazo letu la kwanza limeshasomwa kanisani. Kesho linasomwa la pili. Jumapili inayofuata la tatu, halafu mimi ni mkeo. Na wewe una nywele zangu mfukoni, na kitu kinachopumua nyuma ya nyumba, na huwezi?"

"Wiki moja, Mama Rose. Nakuomba."

Nikaliacha shati kwenye kiti, nikatoka. Ule uzi wa zambarau na nywele zake niliurudisha mfukoni mwake. Mpaka leo sijui kwa nini sikuondoka nao.

*

Lazima niseme kidogo habari ya nywele, ili usinione mjinga.

Mume wangu alipofariki nilinyolewa kichwa chote, kama desturi yetu. Mwaka mzima sikusuka. Wenzangu walisema miezi sita inatosha, mimi nikasema niliyemzika namjua mwenyewe. Zilipoota tena zilikuwa laini kama za mtoto. Kwa hiyo nywele zangu si kitu cha kutembea nacho mfukoni.

Yeremia ni Mmakonde wa Newala aliyehamia Chiwata na useremala wake. Mjane kama mimi. Alikuja kunitengenezea meza ya cherehani, akachukua siku nne kwa kazi ya siku moja. Siku ya nne nikamwambia, "Fundi, meza hii ina miguu minne tu." Akacheka. Ana tabia moja: ukimwambia neno analoliweka moyoni, anainamisha kichwa upande wa kushoto kidogo, kama anasikiliza kilicho nyuma ya neno. Siku ile aliinamisha kichwa hivyo, akasema, "Basi niongeze wa tano." Ndivyo tulivyoanza.

Jumamosi ile nilifika nyumbani nikamkuta wifi yangu Oliva, dada wa marehemu, anachambua mbaazi barazani pamoja na binti yangu Rose. Nikawaambia yote. Sikupaswa, lakini mdomo ulinizidi.

Oliva aliacha ungo.

"Wifi, hilo ni joka."

"Joka gani?"

"Usijifanye hujui! Wanaume wanafuga joka ndani. Linawaletea utajiri. Linakula mayai, linapumua moshi, na likitaka kumzoea mtu linapewa nywele zake. Mke wake wa kwanza alikufa na nini?"

"Alikufa akijifungua."

"Ndivyo walivyosema."

"Wifi, utajiri gani? Yeremia ana suruali mbili."

"Anaficha!"

Rose akacheka. Ana miaka kumi na saba, na kila wakati wa likizo yuko kwenye kibanda cha video, akisikiliza yule anayetafsiri picha za wazungu kwa sauti ya kukoroma.

"Shangazi, joka linalopumua si nyoka. Hilo ni dragoni. Lina miguu, lina mabawa, lina pembe. Na si yote mabaya. Kuna moja lilimbeba msichana mgongoni likapaa naye."

"Likampeleka wapi?"

"Alikotaka msichana."

"Halafu likamla!"

"Halikumla, shangazi. Lilikuwa linampenda."

"Kanisani tumefundishwa joka ni nani," Oliva akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya ugomvi. Aliniangalia, macho yamejaa. "Wifi, mimi nilimzika kaka yangu. Sikuzuii kuolewa, umenielewa? Nakuzuia kufa. Nikikuzika na wewe nitabaki na nani wa kuchambua naye mbaazi?"

Nikachukua simu, nikaandika kabla moyo haujageuka:

"Fundi, kesho sitaki jina langu lisomwe kanisani."

Majibu yalikuja upesi:

"Halitasomwa. Nitamwona padri alfajiri. Nitasema mimi ndiye sijawa tayari. Lawama iwe yangu."

Nilisali rozari nzima jioni ile. Kila nikifika mwisho nauona uzi wa zambarau.

*

Jumapili padri alisema, "Tangazo la Yeremia na Dominika limesogezwa mbele kwa ombi la bwana harusi."

Wanawake waligeuka kunitazama kwa huruma. Wanaume walimgeukia Yeremia. Alikaa benchi la mwisho amevaa lile shati nililomshonea, na hakuinua uso. Baada ya ibada nilisikia vijana wanamtania pale nje:

"Fundi, umeogopa kipimo cha damu?"

"Fundi ametengeneza milango ya watu, wa kwake umemshinda!"

Alipita katikati yao akaenda zake. Kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeandika. Yeye akalibeba mbele ya watu wote, na mimi nikamwacha alibebe.

Jumatatu nilikwenda kwa Agnes, msusi wangu. Nilikwenda na hasira, maana njiani nilikuwa nimepata wazo jingine: labda si joka, labda ni Agnes mwenyewe.

"Agnes, ulimpa Yeremia nywele zangu?"

Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Kitana kikasimama.

"Nilimpa."

"Hivi hivi tu? Mwanaume anakuja saluni kuomba nywele za mwanamke unampa?"

"Aliomba za kila mtu. Nikifagia namwekea. Wanyoaji wa kiume pia wanamwekea. Lakini zako aliziomba kwa jina. Alisema, 'Za Mama Rose usichanganye.' Nikazifunga na uzi wako ule ule."

"Na hukuniambia!"

"Sikukwambia."

"Kwa nini? Mna nini nyie wawili?"

Yule mteja akainua kichwa apate kusikia vizuri. Agnes akakisukuma chini.

"Mama Rose, usinitukane. Mume wangu ni Mmakonde wa Newala. Mwanamke akiolewa kule, yapo mambo anayoyaona na hayasemi. Siyo mabaya. Ni ya wanaume, basi, kama sisi tulivyo na yetu ya unyago. Mumeo marehemu uliwahi kumwambia mliyofundishwa unyagoni?"

"Hata siku moja."

"Alikuomba?"

"Aliomba mpaka akachoka."

"Ukampenda pungufu?"

Nikatazama nywele zilizofagiliwa chini ya kiti.

"Mimi sijasema kitu," Agnes akasema, akarudi kwenye kichwa cha mteja. "Ila Jumamosi hii watoto wanatoka jandoni kule Chiwata. Kutakuwa na ngoma mchana kutwa. Mimi nakwenda. Njoo tucheze, mbona siku hizi umekuwa kama cherehani isiyotiwa mafuta."

*

Jumatano mchana Yeremia alipiga simu. Niliiacha iite mara tatu, ya nne nikapokea.

"Salamu za bure sitaki," nikasema.

"Hujala chochote leo. Nasikia kwa sauti."

"Usibadili maneno. Niambie kitu kimoja, fundi. Unanidhuru?"

"Hapana."

"Apa."

"Naapa kwa Mungu aliyetuumba. Sikudhuru na sitakudhuru."

"Basi nieleze."

Nilisikia mtu anapiga randa kwa mbali.

"Mama Rose, nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliwekwa mahali na watu wazima, nikaapa. Wengi wa walioniapisha wamekufa. Hakuna atakayenipiga nikisema."

"Kwa hiyo wafu wana nafasi kubwa kwako kuliko mimi?"

"Wewe ulinyoa kichwa kwa ajili ya mfu. Mwaka mzima hukusuka. Watu walikucheka, na hukusuka. Nilikuwa nakuona pale sokoni na kitambaa chako. Hapakuwa na wa kukupiga wewe pia."

Nikashika ukingo wa meza aliyonitengenezea.

"Nilisema moyoni," akaendelea, "mwanamke anayeweza kushika ahadi ya mtu asiyemwona, huyo nikimpata nitalala usingizi. Sasa unataka nikuoe kwa kuivunja ya kwangu? Nikiivunja kwa ajili yako leo, kesho utaniaminije na lolote?"

"Fundi..."

"Nitakubali ukikataa. Sitakuja kulia mlangoni kwako. Ila sitasema."

Akakata. Nilikaa pale mpaka Rose alipokuja kuniuliza kama sufuria inaunguzwa kwa makusudi.

*

Jumamosi nilikwenda Chiwata. Kwenye mkoba niliweka doti ya khanga aliyoniletea siku ya uchumba, zote mbili, zimekunjwa. Sikujua kama naenda kuirudisha au kuivaa. Rose alikuja, na Oliva naye, akiwa amebeba chupa ya maji ya baraka kutoka kanisani.

"Ya nini hiyo, wifi?"

"Wewe tembea."

Uwanja ulikuwa umejaa. Watoto waliotoka jandoni wamekaa kwenye mkeka na nguo mpya, wanaogopa hata kujikuna. Mama zao wanapiga vigelegele. Ngoma zilikuwa zimeshapashwa moto, na Agnes alikuwa katikati, jasho linamtiririka.

Niliwatafuta wanaume kwa macho mmoja mmoja. Yeremia hakuwepo.

Kisha ngoma zikabadilika, zikawa nzito, na kina mama wa Kimakonde wakaanza kurudi nyuma huku wanacheka na kupiga kelele. Lipiko linakuja. Mapiko mimi nimeshayaona, wale wachezaji wanaovaa vinyago vya vichwa vya watu: mzungu, mzee, mwanamke mwenye kipini cha ndonya mdomoni. Mchezaji wa lipiko haongei na hatajwi. Kwa wanawake, lile si mtu. Limetoka porini, basi.

Lakini lililotoka mle kwenye mikorosho hakuna aliyewahi kuliona.

"Mama!" Rose akanishika mkono. "Mama, dragoni!"

Lilikuwa joka. Kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa, kikubwa kama debe, kimepakwa rangi nyekundu na nyeusi. Pembe mbili. Taya la chini linafunguka na kujifunga kwa kamba, meno yamepangwa kama mbegu za boga. Mwili wa magunia yaliyoshonwa magamba, mkia unaburura vumbi. Watoto wa jandoni walisahau kuogopa, wakasimama juu ya mkeka. Yote waliyoyaona kwenye kibanda cha video, sasa yanatembea Chiwata na njuga miguuni.

Joka likafika katikati ya uwanja, likafungua taya, likanguruma. Ule mngurumo nilikuwa naujua. Safari hii, bila magunia ya kuuziba, nikautambua: ni mota ya kupulizia salfa mikorosho, ile ya kubeba mgongoni. Kila mkulima hapa anaamka nayo. Jumamosi ile kuna mtu alikuwa anaijaribu kibandani. Lakini kinywani haukutoka unga wa njano wa salfa. Kilitoka kitu cheupe, wingu zima, kikatumwagikia safu ya mbele yote.

Nikalamba mdomo. Unga wa muhogo.

Nikamgeukia wifi yangu. Oliva alikuwa mweupe kuanzia kilemba mpaka viatu, nyusi nyeupe, chupa ya maji ya baraka mkononi, kizibo hakijafunguliwa. Alitazama joka. Joka likamtazama. Likampulizia tena.

Na Oliva akacheka. Tangu tumzike kaka yake sikuwahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, anapiga mapaja, unga unaruka.

"Jamani, ugali huu!" akapiga kelele. "Leteni na mboga!"

Ndipo joka likanifikia mimi. Na ndipo nilipoona shingo yake.

Kuanzia pembe mpaka mgongoni lilikuwa na nywele, za watu wa Masasi wote, nyeusi, kahawia, mvi, zimegandishwa kwa nta ya nyuki. Zimeota kama za kiumbe hai. Mbele kabisa, juu ya paji la uso, mahali ambapo kila mtu lazima apatazame kwanza, palikuwa na kishungi kimoja laini kuliko vingine. Kimefungwa na uzi wa zambarau.

Nywele zangu. Zilizoota baada ya msiba. Hakuzitupia nyuma na za wengine. Alilivisha joka kama taji.

Sikulia. Kina mama walikuwa wananitazama, Agnes kuliko wote. Alikuwa ameacha kucheza.

Nikafungua mkoba, nikatoa khanga moja katika ile doti, nikasogea. Ni desturi kulitunza lipiko linalocheza vizuri, hakuna anayekuuliza. Nikaizungusha shingoni kwa joka, nikafunga fundo. Nta ilikuwa inanukia.

"Joka," nikasema, "mimi ni mgeni hapa, sijui unakotoka wala siulizi."

Njuga zikanyamaza.

"Ila nasikia unatembea sana. Ukipita kwa fundi mmoja anaitwa Yeremia, nisalimie. Mwambie kesho niko kanisani, na jina langu lisomwe. Mwambie nilimwachia lawama yangu mbele ya watu, na ninaona haya. Mwambie pia," nikashusha sauti, "mambo aliyoapa ayashike. Na mimi ninayo yangu."

Joka halikujibu. Mapiko hayaongei.

Lakini kile kichwa kikubwa, pembe na meno na vyote, kikainama polepole. Kikainama upande wa kushoto kidogo.

Halafu mota ikakohoa, na nikapuliziwa unga wote uliobaki.

*

Jioni ile, tukiwa tunajifuta unga nyumbani, simu ikaleta ujumbe.

"Mama Rose, kuna kiumbe kimeniletea salamu zako. Sikijui."

Nikajibu: "Na mimi sikijui. Mchana ulikuwa wapi? Sikukuona ngomani."

"Nilikuwa na kazi."

"Pole na kazi. Mgongo hauumi?"

Akajibu:

"Unauma kweli. Mota... meza nzito nilibeba."

Nilicheka peke yangu mpaka Rose akaja kuchungulia.

Asubuhi tangazo la pili lilisomwa, na kabla padri hajaendelea nilisimama nikaomba kusema. Nikawaambia watu kwamba kusogezwa kulitoka kwangu, si kwa Yeremia, nilitishwa na jambo nisilolijua. Padri akaitikia kwa kichwa akasema asante. Wale vijana wa nje siku ile walimpa mkono fundi, mmoja baada ya mwingine. Tangazo la tatu lilifuata, na Jumamosi yake tukafunga ndoa. Nilivaa gauni la kushona mwenyewe, na chini yake ile khanga nyingine ya doti. Ya kwanza nimeikuta kwake ndani ya sanduku, ina harufu ya nta. Sijaiulizia.

Oliva ndiye aliyepika. Wakati tunakunja viti alinisogelea, akanibana pembeni ya jiko.

"Wifi, sasa umeshaolewa. Niambie mimi tu. Mle ndani alikuwa nani?"

"Ndani ya wapi?"

"Ya joka!"

"Ndani ya joka ni joka, wifi."

"Dominika!"

"Nini?"

Akanikazia macho. Na mimi nikamkazia. Kisha akanyanyua sinia lake.

"Sawa," akasema. "Mwambie joka unga ulikuwa mzuri. Muhogo wa wapi ule?"

Nikamwambia nitauliza. Na wewe unayesoma usinitumie ujumbe kuuliza nilichokataa kumwambia wifi. Rudi juu usome tena. Sikusema popote aliyekuwa ndani. Nimesema tu kwamba kichwa kiliinama upande wa kushoto.